Jicho la kamera kwenye gunia la mahindi: Je, tumepata mzani wa kupimia ubovu?

Na Mchumi wa Kilimo

WAHENGA walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Lakini mkulima yeyote aliyewahi kupeleka mahindi sokoni anajua kwamba usemi huo una upungufu mmoja. Kizuri hujiuza pale tu panapokuwa na mtu mwenye jicho la kukiona, tena jicho lisilokuwa na haja ya kukipunja.

Miaka michache iliyopita nilifuatana na baba yangu mdogo kwenda kuuza magunia yake 12 katika soko moja la nafaka hapa Kanda ya Kati. Mnunuzi wa kwanza alichomeka bambo kwenye gunia, akamwaga punje kiganjani, akaziangalia kwa muda usiozidi pumzi mbili, akauma moja.

"Mzee, haya yana kuvu," alisema. "Nakutoa shilingi 60 kila kilo."

Baba mdogo hakubishana naye. Tulivuka upande wa pili wa soko. Mnunuzi wa pili alichomeka bambo kwenye gunia lile lile, akauma punje, akasema mahindi ni masafi ila yanahitaji jua kidogo. Yeye alipunguza shilingi 20.

Magunia 12 ya kilo 100 ni kilo 1,200. Tofauti ya jicho la mtu mmoja na jicho la mwenzake ilikuwa shilingi 48,000, fedha iliyozidi gharama ya gari lililoubeba mzigo ule hadi sokoni. Na hapo hatujazungumzia wakulima wengine waliokuwapo siku hiyo, ambao hawakuvuka upande wa pili.

Njiani kurudi nyumbani baba mdogo aliniuliza swali ambalo sikuweza kulijibu. "Mwanangu, wewe umesoma. Uzito una mzani. Unyevu siku hizi una kipimo chake. Ubovu nao hauna mzani?"

Makala haya ni jibu langu kwake, na kwa kila mkulima au mfanyabiashara mdogo ambaye bei yake hupangwa na jicho la mtu mwingine.

Viwango vipo, mhesabuji hayupo

Tuanze na jambo ambalo wakulima wengi hawaambiwi. Daraja la mahindi si maoni ya mnunuzi. Nchi za Afrika Mashariki zina kiwango cha pamoja cha mahindi ya punje, na kiwango hicho kinataja tarakimu.

Unyevu usizidi asilimia 13.5. Punje zilizovunjika zisizidi asilimia 2 kwa daraja la kwanza, asilimia 4 kwa daraja la pili na asilimia 6 kwa daraja la tatu. Punje zilizoharibiwa na wadudu zisizidi asilimia 1 kwa daraja la kwanza, asilimia 3 kwa la pili na asilimia 5 kwa la tatu. Sumukuvu ya jumla isizidi mikrogramu 10 kwa kila kilo, na ile aina ya B1, ambayo ni kali kuliko zote, isizidi 5.

Sasa tazama ugumu ulipo. Kilo moja ya mahindi ina punje zipatazo 3,000, kutegemea mbegu. Gunia la kilo 100 lina punje zinazokaribia 300,000. Mahindi ya daraja la kwanza yanaruhusiwa punje moja iliyotobolewa katika kila mia, na ya daraja la pili punje tatu. Hakuna binadamu anayeweza kutenganisha moja katika mia na tatu katika mia kwa kutazama kiganja kimoja kwa pumzi mbili. Anayesema anaweza anakisia, na katika biashara makisio huegemea upande wa mwenye fedha mkononi.

Gharama ya makisio haya haiishii sokoni. Mwaka 2004 nchini Kenya watu 317 waliugua na 125 kati yao walifariki dunia baada ya kula mahindi yenye sumukuvu. Mwaka 2016 balaa hilo lilifika kwetu, katika mikoa ya Dodoma na Manyara, ambako watu wapatao 20 walipoteza maisha. Machi 2021 Kenya ilisimamisha kwa siku kadhaa uingizaji wa mahindi kutoka Tanzania na Uganda kwa sababu hiyo hiyo ya sumu ya kuvu, kisha ikaufungua kwa masharti, mojawapo likiwa cheti kinachoonyesha kwamba sumukuvu haizidi kiwango. Malori yalisimama mpakani, na mkulima aliyekausha vizuri akaadhibiwa pamoja na yule aliyefungasha mahindi mabichi.

Kwa hiyo swali la baba mdogo si dogo. Tukikosa mzani wa ubovu, mwenye mahindi mazuri humlipia mwenye mahindi mabaya.

Kompyuta inayosoma uso wa kitu

Kwa zaidi ya miaka 50 wataalamu wa kompyuta wamekuwa wakishughulikia jambo ambalo mama zetu hulifanya kwa kiganja, yaani kutambua kitu kwa umbile la uso wake. Je, ni laini au kinakwaruza? Kina mikunjo, vitobo au unga unga? Kinang'aa au kimefifia?

Kompyuta haina kiganja. Inachokiona ni picha, na picha kwake ni vitone vingi vidogo, kila kimoja na namba inayoeleza kiasi cha mwanga. Kitone kimoja peke yake hakisemi lolote kuhusu uso wa kitu. Chukua mfano wa mkeka. Ukitazama ukindu mmoja huwezi kujua mkeka umesukwaje. Utajua kwa kuangalia ukindu huo unavyopishana na jirani zake, na namna mpishano huo unavyojirudia.

Hiyo ndiyo kanuni iliyoandikwa mwaka 1973 na Robert Haralick na wenzake wawili wa Marekani. Kompyuta huhesabu ni mara ngapi kitone cheusi kimekaa jirani na cheupe, cha kijivu jirani na cha kijivu, na kuendelea. Uso laini hutoa hesabu ya namna moja, uso wa kukwaruza hutoa nyingine. Katika majaribio yao walitenganisha aina za mawe ya mchanga kwa usahihi wa asilimia 89, na aina za matumizi ya ardhi katika picha za setilaiti kwa asilimia 83. Huo ulikuwa wakati ambapo kompyuta moja ilijaza chumba kizima.

Inachekesha kidogo kwamba kipimo ambacho wataalamu wengi walikitumia kwa miaka mingi kushindanisha programu zao kilikuwa kitabu cha picha cha mwaka 1966 kilichotungwa na mpiga picha Phil Brodatz kwa ajili ya wasanii. Kilikuwa na picha 112 za nyuso za vitu mbalimbali, kuanzia vitambaa hadi magome ya miti.

Miaka ya 1990 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Oulu, Finland, walirahisisha mambo zaidi. Fikiria mtu aliyekaa katikati ya majirani wanane, akimuuliza kila mmoja swali moja tu: je, wewe una mwanga kunizidi? Jibu ni ndiyo au hapana. Majibu manane hutoa mipangilio 256 inayowezekana. Kompyuta hukihoji kila kitone katika picha namna hiyo, kisha huhesabu ni mpangilio upi umetokea mara nyingi.

Uzuri wa njia hii ni kwamba mwanga wa jumla ukiongezeka, vitone vyote hupanda pamoja na majibu hubaki yale yale. Kwa lugha ya sokoni, haijali sana kama ni asubuhi yenye mawingu au adhuhuri ya jua kali. Pia hesabu yake ni nyepesi, kiasi kwamba hata simu ya kawaida inaimudu.

Kwa nini picha moja haitoshi

Hapa ndipo video inapoingia, na ningependa msomaji atulie kidogo, kwa sababu hapa ndipo penye faida kwa mkulima.

Mwaka 1999 watafiti wa Marekani na Uholanzi walichukua vitu 61 vya kawaida, vikiwamo mkate, ganda la chungwa na jani la saladi, wakapiga kila kimoja picha 205, wakibadilisha kila mara upande wa taa na upande wa kamera. Matokeo yalionyesha wazi kwamba uso ule ule ukimulikwa kutoka upande mwingine huweza kuonekana kama kitu kingine kabisa. Picha moja ni kama shahidi mmoja. Huenda anasema kweli, lakini ameona upande mmoja tu.

Chukua punje ya mahindi. Ina doa jeusi. Doa hilo laweza kuwa tundu la dumuzi, yule mdudu aliyeingia nchini kupitia Tabora miaka ya 1970 ikielekea mwisho na ambaye wakulima wengi wanamwita Skania. Laweza kuwa kuvu. Laweza kuwa vumbi. Au laweza kuwa lile doa la asili lililo kwenye kitako cha punje, ambalo ni dalili tu kwamba hindi limekomaa shambani. Katika picha moja, vyote vinne ni doa jeusi.

Sasa ifanye punje hiyo ibingirike mbele ya kamera ya video huku taa ikimulika kutoka ubavuni. Tundu lina kina, kwa hiyo ukingo wake hutupa kivuli, na kivuli hicho huhama kadiri punje inavyogeuka. Doa la juu juu halitupi kivuli. Doa la asili daima hutokea kwenye kitako na si kwingine. Punje yenye afya ina ngozi laini, hivyo mng'ao wa taa huteleza juu yake kama jua juu ya sufuria jipya. Punje iliyoshambuliwa na kuvu hupoteza mng'ao huo, na hata ikigeuka vipi hubaki imefifia.

Video ya kawaida ya simu hupiga picha zipatazo 30 kwa sekunde. Sekunde 10 ni picha 300. Punje ikipita mbele ya kamera kwa nusu sekunde tu, kompyuta imeiona mara 15, kila mara kutoka upande tofauti kidogo. Ikikosea katika picha mbili kwa sababu ya ukungu au kivuli cha punje jirani, picha nyingine 13 zitaisahihisha. Ni sawa na kupiga kura.

Mwaka 2007, wataalamu wawili wa chuo kile kile cha Oulu, Guoying Zhao na Matti Pietikäinen, walichapisha njia ya kusoma umbile la uso moja kwa moja ndani ya video. Badala ya kitone kuwahoji majirani wa picha moja tu, huwahoji pia majirani wa picha iliyotangulia na inayofuata. Hivyo kompyuta haisomi tu uso ulivyo, bali pia unavyobadilika kadiri muda unavyokwenda.

Kutoka maabara hadi kinuni

Wenye viwanda vya mchele watasema jambo hili si geni, nao wana haki. Mashine za kuchambua kwa kamera zinatumika duniani katika mchele, kahawa, karanga, maharage na mahindi. Nafaka huteremka kwenye mfereji, inapita mbele ya kamera zenye kasi kubwa, na punje mbaya ikionekana bomba dogo la hewa huipuliza pembeni kabla haijafika chini. Kazi yote hiyo hufanyika kwa muda mfupi kuliko kupepesa jicho.

Nyingi ya mashine hizo zilianza kwa kutazama rangi. Kwa mchele rangi inasaidia sana. Kwa mahindi yetu meupe, rangi peke yake ina matatizo, maana vumbi la kwenye sakafu ya udongo hubadilisha rangi ya punje nzima wakati ndani ni nzuri. Ndiyo sababu umbile la uso lina maana kwetu. Vumbi hubadilisha rangi, lakini halitoboi punje wala haliikunji.

Aidha, kwa kuchambua punje si lazima mtu awe na kiwanda. Kwa kazi ya kupanga daraja, ambayo ni kupima sampuli tu na si kuchambua gunia zima, yatosha sanduku lenye taa ya ubavuni, sinia linalotikisika ili punje zibingirike, kamera ya simu na programu. Mlinganisho wake ni mzani wa dukani. Hauhitaji kuupima mzigo wote wa dunia, bali upime ule ulio mbele yako kwa haki.

Tahadhari tatu

Hata hivyo, ningekuwa mchumi wa ovyo kama ningesifia bila kutaja kasoro. Zipo tatu ambazo mkulima anapaswa kuzijua kabla hajashawishiwa na muuza mashine.

Kwanza, kamera haioni sumukuvu. Inaona kuvu, mikunjo, nyufa na matundu, ambayo ni milango ya sumu hiyo. Sumu yenyewe haina rangi wala umbile, na punje inayoonekana safi inaweza kuwa nayo. Zipo mashine zinazotumia taa ya urujuani-mno, ambapo baadhi ya punje zilizoshambuliwa hung'aa rangi ya kijani-njano, lakini mng'ao huo ni dalili ya ukuaji wa kuvu, si kipimo cha sumu. Kipimo cha sumukuvu hubaki kuwa cha maabara au cha vitendanishi vilivyoidhinishwa.

Habari njema ni kwamba sumukuvu haikai sawasawa katika gunia. Mara nyingi sehemu kubwa ya sumu imo katika punje chache mbovu. Kuziondoa punje hizo hupunguza hatari, ingawa hakuimalizi.

Pili, kompyuta hujua kile tu ilichofundishwa. Mashine iliyofundishwa kwa mahindi ya njano ya Marekani itayaona mahindi meupe ya Kongwa au Songea kuwa ni kitu kigeni. Hata kwetu, mbegu zenye punje ngumu na zinazong'aa zina uso tofauti na zile zenye bonde kichwani.

Tunalo funzo la karibu kuhusu hili. Mwaka 2017 watafiti wa Chuo Kikuu cha Penn State cha Marekani na wa taasisi ya kimataifa ya IITA walichapisha matokeo ya kutambua magonjwa na wadudu wa mihogo kwa kutumia picha 2,756 za majani zilizopigwa katika mashamba ya pwani ya Tanzania. Usahihi ulikuwa asilimia 93. Lakini walipoiweka programu hiyo kwenye simu na kuijaribu kwa picha na video za hali halisi ya shambani, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2019, uwezo wake wa kutambua ulishuka. Shambani kuna upepo, mkono unatetemeka, na jani halisimami likusubiri. Watafiti hao walistahili sifa kwa kulisema hilo wazi. Muuza mashine atakayekupa namba ya maabara bila kukupa namba ya sokoni, muulize ya sokoni iko wapi.

Tatu, mizani pia huchezewa. Tumepigana na lumbesa kwa miaka mingi, na sheria ipo, lakini bado gunia linaongezwa kilemba. Kamera nayo inaweza kupangwa iwe kali kupita kiasi wakati wa kununua na legevu wakati wa kuuza. Chombo cha kisasa mikononi mwa upande mmoja tu hakileti haki.

Hesabu ya mkulima

Tuache teknolojia tuingie kwenye mfuko. Hizi ni namba za mfano tu. Kila msomaji aweke bei za soko lake.

Chukua mkulima mwenye magunia 40 ya kilo 100, yaani kilo 4,000. Tuseme mahindi yaliyochambuliwa yenye daraja la kwanza yananunuliwa shilingi 700 kwa kilo, na yasiyochambuliwa shilingi 620.

Akiuza bila kuchambua atapata shilingi 2,480,000.

Akichambua kwa mashine ya kukodi kwa shilingi 3,000 kwa gunia, atatumia shilingi 120,000. Tuseme asilimia 4 ya mzigo inatolewa kama punje mbovu na taka, yaani kilo 160. Atabaki na kilo 3,840, ambazo kwa shilingi 700 ni 2,688,000. Akitoa gharama anabaki na 2,568,000. Faida yake ni shilingi 88,000.

Sasa badilisha namba moja tu. Tuseme soko linalipa shilingi 650 kwa mahindi yasiyochambuliwa. Akiuza bila kuchambua anapata 2,600,000. Akichambua anapata zile zile 2,568,000. Amepata hasara ya shilingi 32,000 kwa kufanya jambo jema.

Katika mfano huu mstari wa kugawanya faida na hasara ni tofauti ya shilingi 58 kwa kilo. Chini ya hapo mkulima mwenye akili hatachambua, hata umhubirie afya mchana kutwa. Juu ya hapo atachambua bila kuambiwa.

Zingatia kwamba sikuziuza zile kilo 160. Najua wapo watakaosema zipelekwe kwa kuku au ng'ombe. Ng'ombe wa maziwa akila chakula chenye sumukuvu, sehemu ya sumu hiyo hutoka kwenye maziwa, na maziwa hayo yanakunywewa na mtoto. Punje zenye kuvu zifukiwe au zichomwe mbali na makazi.

Fundisho la hesabu hii ni moja. Mashine haiongezi bei. Bei huongezwa na mnunuzi anayeliamini daraja. Kama daraja linaishia kwenye mdomo wa dalali, kuchambua ni sadaka. Kama daraja limeandikwa kwenye karatasi ambayo mnunuzi wa Nairobi au Dar es Salaam anaikubali, kuchambua ni biashara.

Nani aishike kamera?

Hapo ndipo penye uamuzi mgumu. Mnunuzi akiwa ndiye mwenye kamera, tumebadilisha jicho la nyama kwa jicho la kioo tu, na mwenye jicho ni yule yule. Mkulima akiwa ndiye mwenye kamera, mnunuzi hataiamini.

Kwa maoni yangu kamera ya daraja inapaswa kukaa pale unapokaa mzani unaoaminiwa na pande zote: kwenye ghala la chama cha ushirika au ghala lililosajiliwa. Tangu mwaka 2005 Tanzania ina sheria ya stakabadhi za ghala, na wakulima wa korosho wanaufahamu mfumo huo kwa uchungu wake na utamu wake. Stakabadhi hutaja uzito na ubora. Uzito unatoka kwenye mzani. Ubora nao utoke kwenye kipimo kinachoweza kurudiwa.

Neno kurudiwa ndilo kiini cha hoja yangu. Jicho la mnunuzi haliwezi kurudiwa. Ukimwomba atazame tena atakasirika. Video inaweza kurudiwa. Sekunde 20 za punje zikibingirika kwenye sinia, zikiwa na namba ya stakabadhi na tarehe, ni ushahidi. Mkulima akilalamika, pande mbili zinakaa, zinaitazama pamoja, zinahesabu punje moja moja ikibidi.

Chama kinachofikiria kununua chombo cha aina hii kiulize maswali manne. Je, programu ilifundishwa kwa mahindi ya wapi? Je, imepimwa dhidi ya mkaguzi wa binadamu katika soko letu, na walitofautiana mara ngapi? Je, inatunza video ili ipitiwe upya? Na je, ni nani mwenye ufunguo wa kubadilisha ukali wake? Muuzaji akisitasita katika swali la nne, mwageni kwa heshima.

Unachoweza kufanya leo

Msomaji asiye na chama wala ghala asidhani makala haya hayamhusu. Kanuni ya mwanga wa ubavuni haihitaji kompyuta.

Kabla ya kwenda sokoni chukua sampuli juu, katikati na chini ya gunia, kwa sababu wanunuzi nao wanajua kwamba mazuri hupangwa juu. Changanya, kisha hesabu punje 100 bila kuchagua. Zitandaze kwenye kitambaa cheusi karibu na dirisha au mlango asubuhi, jua likiwa bado chini, ili mwanga upite ubavuni mwa punje. Vuta kitambaa polepole punje zibingirike. Matundu yatajionyesha kwa vivuli vyake, na punje zisizo na mng'ao zitajitenga zenyewe.

Hesabu zilizotobolewa na zilizovunjika, ukiziandika mbalimbali. Rudia mara tatu kwa punje nyingine, upate wastani. Kiwango chenyewe hupimwa kwa uzito, kwa hiyo hesabu yako ni ya kukadiria, lakini itakuweka karibu na ukweli kuliko pumzi mbili za mnunuzi. Asilimia 1, 3 na 5 kwa wadudu. Asilimia 2, 4 na 6 kwa zilizovunjika. Ziandike nyuma ya daftari lako la mauzo.

Kama una simu yenye kamera, piga video ya sekunde 10 wakati punje zinabingirika. Iweke simu juu ya kitu kisichotikisika, usiishike mkononi. Weka sarafu ya shilingi 100 pembeni ili ukubwa wa punje ueleweke. Mnunuzi akisema mahindi yako yana kuvu, usigombane naye. Mwonyeshe, kisha mwombe akuonyeshe yeye punje anazozisema, katika mwanga ule ule.

Baba mdogo amelijaribu jambo hili msimu uliofuata. Alikuta punje nne zilizotobolewa katika mia. Alinyamaza kidogo, kisha akasema: "Kumbe yule wa kwanza hakunionea sana."

Nilimjibu kwamba alimwonea, maana alitaja kuvu ambayo hakuihesabu. Lakini baba mdogo alikuwa ameshaanza kuulizia bei ya mifuko isiyopitisha hewa, ili Skania asimkute tena na magunia wazi.

Nimeona hapo kwamba mzani wa ubovu una faida mbili. Humzuia mnunuzi kusema asichokiona. Na humwonyesha mkulima kile ambacho, pengine, hakutaka kukiona.